TNBS inasema 58%, uyeyukaji unasema hakuna kitu. Nani anapima kweli vifungo mtambuka vya filamu ya soya?

#1 Utando_Mwembamba
Heshima kwenu wakuu.

Filamu ni ya protini ya soya (poda yenye protini 90%). Poda g 5 kwa ml 100 za maji, gliseroli g 2, pH 10 kwa NaOH, 70 °C dakika 30. Ikishapoa naongeza glutaraldehaidi (ya kufunga minyororo ya protini pamoja, ndivyo vifungo mtambuka) 1% ya uzito wa poda, namimina kwenye sahani, inakauka, kisha inakaa saa 48 kwenye unyevu wa 50% kabla ya vipimo.

TNBS (kitendanishi kinachoshika vikundi vya amino vilivyo huru na kutoa rangi) inaonyesha amino huru zimepungua kwa 58%. Uyeyukaji majini (saa 24, 25 °C) umetoka 31% hadi 27% tu. Nguvu ya kuvutwa hadi kukatika haijasogea, tofauti imo ndani ya makosa ya kipimo.

Kipimo kimoja kinasema nusu na zaidi ya laisini (asidi amino yenye amino hizo) zimefungwa, vingine viwili vinasema sijafanya kitu. Nani muongo hapa?

#2 Besi_Kali
Hakuna muongo, ila umemuuliza TNBS swali asilolijua. TNBS anahesabu amino zilizobaki huru. Hajui iliyopotea imekwenda wapi. Glutaraldehaidi ina mikono miwili: mkono mmoja ukishika laisini na wa pili ukabaki unaning'inia, amino imepotea na kifungo hakipo. Au mikono yote miwili inashika laisini mbili za mnyororo uleule: umefunga kitanzi, hujaunganisha minyororo.

Kitendanishi kikizidi ndiyo balaa zaidi, kila laisini inapata glutaraldehaidi yake na hakuna jirani aliyebaki wa kushikwa na mkono wa pili. Kwangu jibu ni hilo, uzi ungeweza kufungwa.

#3 MzeeWaBafa
Usifunge uzi wa watu, Besi. Mtoa mada, maswali matatu kabla ya falsafa:

Bafa gani ulitumia kwenye TNBS? Kama kuna Tris popote, hata iliyobaki kwenye kipande baada ya kuoshwa, acha. Tris ni amini, inakula TNBS, inakula OPA (kitendanishi kingine cha kupima amino), na inakula glutaraldehaidi yenyewe.

Umelinganisha na nini?

Na sampuli tupu uliitengenezaje?

#4 Utando_Mwembamba
Mzee shikamoo. Hakuna Tris. Utaratibu:

Kipande cha mg 11 kwenye bomba lenye mfuniko wa kukaza. NaHCO3 ya 4% (pH 8.5) ml 1, kisha TNBS ya 0.5% ml 1. 40 °C saa 4. Naongeza HCl ya 6 M ml 3, kisha otoklevu 120 °C saa 1. Ikipoa, maji ml 5, natoa kwa etha ml 20 mara tatu. Nachukua ml 5 za sehemu ya maji, naziweka kwenye maji ya moto dakika 15 kufukuza etha, nazimua kwa maji ml 15, nasoma 346 nm.

Sampuli tupu ni hivyohivyo, ila HCl inaingia kabla ya TNBS.

Nimelinganisha na poda ya soya, mg 11 pia.

#5 Hesabu_Kwanza
Haya, hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalisubiri. Shika kalamu.

Laisini ya soya ni takriban g 6 kwa kila g 100 za protini. Poda g 5 ina protini g 4.5, kwa hiyo laisini g 0.27. Gawa kwa 146: mmol 1.85. Glutaraldehaidi yako ni mg 50, uzito wa molekuli 100, kwa hiyo mmol 0.5, yaani vikundi vya aldehaidi mmol 1.0. Hata kila mkono ukipata laisini yake bila mmoja kupotea, dari ni 1.0/1.85 = 54%. Wewe unaleta 58%. Umevuka dari. Na glutaraldehaidi haijawahi kuwa mtiifu hivyo, inajipolimisha yenyewe kwenye besi na inagusa pia tairosini, histidini na sisteini.

Kwa hiyo kabla ya kujadili mikono miwili ya bwana Besi, sehemu ya hiyo 58% si ya kemia kabisa. Ni ya mizani. Mg 11 za poda ni karibu zote soya. Mg 11 za filamu zina gliseroli na maji ndani yake: 5/7 ya yabisi ni poda, na filamu kwenye unyevu wa 50% hebu tuiwekee maji 10%. 5/7 × 0.9 = 0.643. Yaani ulipima mg 7 za soya ukaziandika mg 11. Filamu isiyo na tone la glutaraldehaidi ingekuonyesha "upungufu" wa 36% kwa njia hiyo.

Sahihisha: 42% iliyobaki gawa kwa 0.643 = 65%. Upungufu wako ni 35%, si 58%.

#6 Utando_Mwembamba
Dah. Kumbe nilikuwa napima gliseroli.

#7 MzeeWaBafa
@Hesabu_Kwanza njia sahihi, ila poda nayo si kavu. Ichukulie ina maji 6%: g 5 ulizopima ni g 4.7 za yabisi. Filamu: 4.7/6.7 × 0.9 = 0.63. Poda: 0.94. Uwiano 0.67. 42 gawa kwa 0.67 inaleta karibu 63, upungufu 37%. Si tofauti kubwa, lakini tukimkosoa mtu kwa mizani na sisi tuwe na mizani.

Na hata hiyo 37% usiiandike popote. Poda haijapita pH 10 wala 70 °C. Mlinganisho ni filamu iliyopitia kila kitu isipokuwa glutaraldehaidi. Bila hiyo huna namba.

#8 Kuveti_Chafu
Mnasahau kupenya. Filamu iliyofungwa ni ukuta. TNBS ni molekuli yenye salfoneti, ina chaji hasi, na kwenye pH 8.5 protini ya soya nayo ina chaji hasi (pointi yake ya isoelektriki iko karibu 4.5). Zinasukumana. Kipande cha mg 11 chenye unene wa maikromita 80 ukikitumbukiza saa 4, uso unageuka chungwa na katikati pamebaki pa rangi ya nyasi kavu. Kikate kwa wembe ukitazame ubavuni, utaona mstari. Amino za katikati hazikuguswa, nawe umeziandika kuwa "zimefungwa". Kadiri filamu inavyofungwa ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo namba inapendeza bila sababu.

Dawa: saga kwa naitrojeni ya kimiminika, chekecha maikromita 100, kisha pima mg 5, si 11. Fanya mfululizo wa muda saa 2, 4, 6, 8. Namba ikiendelea kupanda baada ya saa 4, ujue saa 4 hazikutosha.

Wengine huongeza SDS 1% kufungua protini. Ni sawa, ila chumvi zote ziwe za sodiamu. Ukiweka potasiamu bikaboneti pamoja na SDS utapata mashapo meupe ya potasiamu dodesili salfeti utakayoyaita protini.

#9 Besi_Kali
@Kuveti_Chafu mwenye jina hilo anafundisha usafi wa kipimo 😂

#10 Kuveti_Chafu
Jina ni onyo. Tena kwa kuwa umenigusa: kuveti za polistairini zinaanza kupitisha nuru karibu 340 nm, na 346 iko ukingoni. Etha iliyobaki inazitafuna, zinakuwa na ukungu, usomaji unapanda. Tumia kwatzi au kioo cha UV. Zile dakika 15 za maji ya moto kwenye #4 si pambo.

#11 Hesabu_Kwanza
Naongezea kwenye mg 5 ya Kuveti. Hesabu ya utaratibu ule ni:

mol za amino kwa gramu = 2 × A × 0.020 / (14,600 × upana wa kuveti × gramu za sampuli)

14,600 ni mgawo wa ufyonzaji wa trinitrofenili-laisini. Ile 2 inatokana na kuchukua ml 5 kati ya 10, na 0.020 ni lita baada ya kuzimua. Poda ya soya ina karibu mmol 0.37 kwa gramu, kwa hiyo mg 11 zinakupa A ya karibu 1.5. Spektrofotomita nyingi pale juu hazinyooki tena. Mg 5 zinakuleta 0.68, sehemu nzuri ya kusomea.

#12 Glisaroli40
Salamu wakuu. Mmemshika TNBS, mimi namshika uyeyukaji, maana ndiye mwongo mkubwa zaidi na anaachwa huru.

Gliseroli yako ni karibu 30% ya yabisi ya filamu. Gliseroli yote hutoka majini ndani ya saa chache. Uyeyukaji wako wa 31% basi ni gliseroli 30 na protini 1. Ulitegemea glutaraldehaidi ipunguze nini, ile 1? Na 27% iko chini ya gliseroli uliyoweka, maana yake gliseroli ilipotea kabla ya kuloweka. Ulikausha vipande kwa 105 °C kwanza?

#13 Utando_Mwembamba
Ndiyo, saa 24 kwa 105 °C kupata uzito kavu wa mwanzo, kisha nikaloweka vipande hivyohivyo.

#14 Glisaroli40
Hapo umefanya mambo mawili kwa mpigo. Gliseroli inapukutika polepole kwenye 105 °C, na kiasi kinategemea unene wa kipande na mahali kilipokaa ndani ya oveni. Pili, umeipika protini. Joto kavu la kiwango hicho linafunga daisulfidi (vifungo vya salfa kwa salfa) na kuibana filamu, kwa hiyo filamu yako ya ulinganisho nayo imefungwa, na oveni. Tofauti kati ya mbili ulizofunga zote ni hiyo 4%.

Ufanyeje: vipande vitatu vikaushwe kwa ajili ya kupata maji tu, halafu vitupwe. Vipande vingine vilowekwe vikiwa havijapikwa, uzito kavu wa mwanzo ukokotolewe kutoka kwa vile vitatu. Baada ya kuloweka usipime uzito uliopungua, pima protini iliyotoka kwenye maji. Gliseroli haina naitrojeni, haitakusumbua.

#15 Spektra_Tu
Mbona mnajitesa? FTIR (spektra ya infraredi) inamaliza. Kilele cha C=N kikitokea, kifungo kipo.

#16 MzeeWaBafa
Kilele cha C=N cha besi ya Schiff (kifungo cha amino na aldehaidi) kiko karibu 1630–1650 cm⁻¹. Kilele cha amaidi I, cha protini nzima, kiko 1600–1700. Maji yaliyomo kwenye filamu yana mkunjo wake karibu 1640. Unatafuta sindano ndani ya sindano nyingine mbili zilizo nene mara mia. Ile mishale nyekundu inayochorwa juu ya bega la amaidi I mingi ni ya imani. Mkuu Spektra, hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

#17 Spektra_Tu
Nakubali kwa C=N. Lakini kwa mpangilio wa pili wa protini, ile β inayoonekana karibu 1620–1625 filamu inapobanana, bado FTIR inasema kitu. Filamu zikaushwe juu ya P2O5 wiki nzima kwanza, la sivyo unapima unyevu wa chumba.

#18 MzeeWaBafa
Hapo sina ugomvi. Ila hiyo ni kubanana, si kifungo.

#19 Jeli_Haijaingia
Kwa mtoa mada, kipimo kinachotenganisha aina za vifungo ni mfululizo wa viyeyushi. Filamu iliyosagwa mg 50, kiyeyushi ml 5, saa 24 kwa 25 °C ikitikiswa, kisha sentrifugi 10,000 g dakika 20:

A. Bafa ya fosfeti pH 7 pekee: protini isiyoshikwa na kitu.
B. Bafa + SDS 1% + yurea 8 M: umevunja haidrojeni na mvuto wa sehemu zinazochukia maji.
C. Bafa + DTT 10 mM: umevunja daisulfidi peke yake.
D. Vyote pamoja: kilichobaki kigumu kimeshikwa na kifungo cha kovalenti kisichovunjwa na DTT.

Hiyo D ndiyo shahidi wako. Glutaraldehaidi ikifanya kazi, mabaki ya D yanaongezeka. Filamu ya ulinganisho inatakiwa iyeyuke karibu yote kwenye D.

Elektroforesisi fanya mwishoni kama nyongeza. Kilichofungwa sana hakiingii kwenye jeli, kinakaa kisimani juu. Ukiona bendi za 7S (moja ya protini kuu mbili za soya, nyingine ni 11S) zimefifia, inaweza kuwa zimefungwa, inaweza kuwa hazikutoka kwenye filamu kabisa. Jeli inaona kilichoyeyuka tu.

#20 Glisaroli40
Nyongeza kwa #19 kabla mtu hajaumia. Protini ya D utaipimaje? Bradford inavurugwa na SDS. BCA inavurugwa na DTT. Kjeldahl itakupa naitrojeni ya yurea, utapata filamu yenye protini kuliko ng'ombe. Aidha ugandishe protini kwa TCA 10%, uoshe kwa asetoni baridi kisha ndipo upime, au upime naitrojeni ya mabaki baada ya kuyaosha mpaka yurea iishe. Kwa soya zidisha naitrojeni kwa 5.71, si 6.25.

#21 Besi_Kali
Na yurea iwe ya leo. Ikikaa, au ikipashwa moto, inatoa sayaneti, nayo inavamia amino. Mtu akitoa protini kwa yurea ya wiki jana kisha akapima TNBS anakuta amino zimepungua, anafurahi.

#22 Zeini_na_Mwenzie
Habari za humu. Naomba niulize pembeni kidogo: mimi natumia jenipini (kifungaji kinachotoa bluu kikishika amino) kwenye zeini (protini ya mahindi). Bluu inatokea vizuri ila TNBS haibadiliki. Ninhidrini (kipimo kingine cha amino) nayo inatoa namba za ajabu.

#23 Hesabu_Kwanza
Zeini karibu haina laisini, dada/kaka. Umeenda kuvua kwenye bwawa lisilo na samaki. Amino chache za mwanzo wa mnyororo ndizo zinazotoa ile bluu, na jicho linaona bluu hata ikiwa kidogo sana.

#24 Kuveti_Chafu
Ninhidrini inasomwa 570 nm, na bluu ya jenipini inafyonza karibu 590–610, mkia wake umekaa juu ya 570. Unajumlisha rangi mbili. Halafu zeini na gluteni zimejaa glutamini: ukichemsha kwenye ninhidrini inatoa amonia, na amonia inasomeka kama amino. Ukitaka kufunga zeini tafuta kitendanishi kisichotegemea laisini, kama asidi ya sitriki kwa joto, kisha pima kwa mabaki ya kiyeyushi. Zeini inayeyuka kwenye ethanoli ya 70%. Isiyoyeyuka tena humo imefungwa. Au imeganda kwa joto. Hapo tunarudi kulekule kwa Glisaroli.

#25 Zeini_na_Mwenzie
Dada. Asanteni, somo limeingia. Na transglutaminasi nayo?

#26 Jeli_Haijaingia
Hiyo inaunganisha glutamini na laisini na kutoa amonia, kwa hiyo wengi wanapima amonia. Mtego: maji yanaweza kuchukua nafasi ya laisini, glutamini inageuka asidi ya glutamiki, amonia inatoka na kifungo hakuna. Ukitaka kifungo chenyewe, usichemshe kwenye HCl, maana kifungo hicho nacho ni cha amaidi, kitavunjika na kurudi laisini ya kawaida kana kwamba hakukuwa na kitu. Meng'enya kwa vimeng'enya hadi mwisho, kipande cha glutamili-laisini kinabaki kizima, kipime kwa HPLC. Kwa zeini usahau, laisini ni ileile isiyokuwepo.

#27 Utando_Mwembamba
Nimerudi wakuu. Filamu zote mbili zimesagwa, 100 µm, mg 5, mfululizo wa muda umetulia saa 6. Sasa nalinganisha na filamu ya ulinganisho.

Upungufu dhidi ya filamu ya ulinganisho: 27%.
Lakini filamu ya ulinganisho yenyewe, kwa masahihisho ya Mzee (#7), ina amino 86% tu ya zile za poda. Hiyo 14% imekwenda wapi? Haijaona glutaraldehaidi.

#28 Besi_Kali
pH 10 na 70 °C. Sisteini na serini zinapoteza kipande, zinageuka dehidroalanini, nayo inashika laisini: laisinoalanini. Hicho ni kifungo mtambuka halisi, cha kovalenti, hakivunjwi na DTT wala na HCl. Kitafute kwenye uchanganuzi wa asidi amino.

#29 Glisaroli40
14% kwa nusu saa ya pH 10 kwa 70 °C ni nyingi mno kwa laisinoalanini. Ingekuwa pH 12 ningekubali. Mimi nasema ni sukari: poda ya 90% ina kabohaidreti zilizobaki, na kukauka polepole kwenye besi ni mazingira mazuri ya Maillard (sukari kushika amino na kuleta njano). Filamu ya ulinganisho ina njano? Iweke juu ya karatasi nyeupe ulinganishe na iliyokaushwa pH 8.

#30 Kuveti_Chafu
Na mimi nasema hata iliyosagwa haifunguki kama poda. Poda iliyokaushwa kwa kupulizwa ni puto lenye matundu. Chembe ya filamu ya 100 µm ni jiwe. Mfululizo wa muda ukitulia unaonyesha TNBS amefika anapoweza kufika, hauonyeshi amefika pote. Rudia kwa SDS 1%. 14 ikishuka hadi 5, hakuna laisinoalanini wala sukari.

#31 Utando_Mwembamba
Ina njano kidogo. Ila hata poda ikilowekwa pH 10 ina njano.

#32 Hesabu_Kwanza
Wacheni 14, tazameni 27, hapo ndipo #2 inaweza kupimwa badala ya kuaminiwa.

27% ya 86% ni 23% ya mmol 1.85: mmol 0.43 za amino zimeshikwa na glutaraldehaidi. Minyororo mingapi? Vijenzi vya soya vina uzito tofauti, wa 11S vyenye asidi karibu kDa 35, vyenye besi karibu 20, vya 7S vinapita 50. Tuchukue 40 kwa wastani. G 4.5 / 40,000 = mmol 0.11. Karibu amino 4 zilizoshikwa kwa kila mnyororo. Zikiwa zote ni madaraja, ni madaraja karibu 2 kwa mnyororo. Mtandao unahitaji takriban nusu daraja kwa mnyororo ili jeli ianze, ikiwa madaraja yanakwenda kwa jirani.

Kwa hiyo: kama madaraja ni ya kweli, filamu haiwezi kuyeyuka kwenye D ya Jeli. Ikiyeyuka, Besi_Kali ameshinda, mikono inaning'inia au ni vitanzi.

#33 Mpira_na_Maji
Nimechelewa. Badala ya kuyeyuka au kutoyeyuka, mbona hampimi uvimbaji mpate uzito wa mnyororo kati ya vifungo? Tumia mlinganyo wa Flory–Rehner, χ (namba ya jinsi mnyororo na maji vinavyopatana) weka 0.49.

#34 MzeeWaBafa
0.49 imeazimwa kutoka jelatini na maji. Soya si jelatini, na χ hubadilika na ukolezi. Halafu mlinganyo unadhani minyororo ni uzi uliolegea usio na chaji. Ya soya imejikunja na ina chaji. Loweka kipande kilekile pH 7 kisha pH 4.5: kitasinyaa, hesabu itasema vifungo vimeongezeka mara kadhaa. Nani kavifunga, asidi?

#35 Mpira_na_Maji
Ndiyo maana unavimbisha ndani ya yurea na NaCl 0.15 M, pH moja kwa sampuli zote, unavuta kipande kikiwa kimevimba na unatumia moduli (ukakamavu wake) badala ya χ. Mzunguko wa chini, mvuto usizidi 10%. Moduli ya kipande kikavu ndiyo isiyosema kitu, maana hapo kilichokakamaa ni kioo cha protini na gliseroli. Kwa hiyo ile nguvu ya kuvutwa ya #1 kutosogea hainishangazi hata kidogo. Maji yakipanda 2% inasogea zaidi ya glutaraldehaidi yenyewe.

#36 MzeeWaBafa
Kwa masharti hayo nakupa nusu. Namba za kulinganisha, sawa. "Uzito kati ya vifungo" kwa g/mol yenye tarakimu nne, hapana.

#37 Glisaroli40
Unyevu wa 50% mnaupata kwa nini? Magnesi naitreti iliyoshiba inashika karibu 53% kwa 25 °C. Dirisha wazi halishiki chochote.

#38 Utando_Mwembamba
Magnesi naitreti, mkuu.

D imetoka leo asubuhi. Filamu ya glutaraldehaidi: chembe zimevimba, zinang'aa kama mayai ya chura, hazijayeyuka hata baada ya saa 48. Ya ulinganisho: imeyeyuka, lakini chini ya bomba kumebaki utelezi mwembamba wa kijivu usiotaka kwenda popote.

#39 Hesabu_Kwanza
Mayai ya chura! Madaraja yapo. Besi, njoo.

#40 Besi_Kali
Nipo. Sikusema hakuna daraja hata moja, nilisema TNBS hajui idadi. Nusu daraja kwa mnyororo linatosha kutoa mayai ya chura, umesema mwenyewe #32. Moja na nusu zilizobaki zinaweza kuning'inia na bomba lingeonekana vilevile. Na ule utelezi wa kijivu ndio laisinoalanini yangu.

#41 Glisaroli40
Au ni nyuzi za ganda la soya zilizobaki kwenye poda. Poda ya 90% ina 10% isiyo protini, msisahau.

#42 Jeli_Haijaingia
Mwagieni poda yenyewe D bila kuipasha. Ikiacha utelezi uleule ni nyuzi. Mtoa mada, kabla hujaongeza asidi yoyote: maji ya kulowekea uliweka sodiamu azidi?

#43 Utando_Mwembamba
0.02%, kuzuia ukungu.

#44 Jeli_Haijaingia
Basi hayo maji na vipande vilivyolowekwa humo visikutane na HCl. Azidi na asidi vinatoa gesi ya asidi ya haidrazoiki, na hiyo haina mchezo. Osha vizuri kwanza. TNBS nayo iache ndani ya maji yake, baridini, gizani. Ikikaukia kwenye shingo ya chupa ni ndugu wa asidi ya pikriki, inaweza kulipuka.

#45 MzeeWaBafa
Na utelezi wa kijivu, naitrojeni yake umepima?

#46 Utando_Mwembamba
Bado mzee. Mashine ina foleni hadi Alhamisi, na utelezi wenyewe ni mg 3.

#47 Kuveti_Chafu
Mg 3 zenye yurea ndani. Osha mara tano, halafu osha tena.